Utafiti wa Maji ya Mimea Uanzie Shambani

Vyuo vikuu hutangaza mara kwa mara nafasi za masomo ya shahada ya uzamivu zenye ufadhili kamili, na miongoni mwa mambo yanayozidi kutangazwa ni utafiti juu ya ufanisi wa mimea katika kutumia maji. Anayechaguliwa hulipiwa ada, hupewa posho ya kujikimu, hupata maabara na msimamizi, na kwa muda wa miaka mitatu au minne hana kazi nyingine ila kutafuta jibu la swali moja. Kwa kijana aliyesomea kilimo au elimu ya mimea hiyo ni bahati kubwa. Hata hivyo haifai jambo hilo lichukuliwe kuwa ni la kijana na chuo chake peke yao. Mkulima wa Namasakata, wilayani Tunduru, katika Mkoa wa Ruvuma ambao makao yake makuu ni Songea, anahusika nalo pia, ijapokuwa hakuna atakayempelekea tangazo hilo alisome.

Mkulima huyo anategemea mvua ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, kisha kiangazi kirefu hufuata. Wenzake wa Kagera au wa Kilimanjaro wakikosa masika wana tumaini la vuli, yeye hana. Katika ukanda huo wa Tunduru hulimwa mahindi, mpunga wa bondeni, muhogo, mbaazi na ufuta, na mkorosho ndio mti wa fedha. Mvua ikichelewa wiki tatu, au ikikatika mahindi yanapotoa mbelewele, hesabu ya mwaka mzima huharibika. Taifa zima limewahi kuonja hali hiyo: ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 uliilazimisha nchi kununua nafaka nyingi kutoka nje, na ndipo ikaanzishwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Kwa hiyo swali la mmea unafanya nini na maji si swali la anasa, wala si la wasomi kujifurahisha nalo.

Ni vyema kwanza ieleweke utafiti wenyewe unahusu nini, maana jina lake ni refu na huwatisha watu bure. Jani lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo wataalamu huviita stomata. Kupitia vitundu hivyo mmea huingiza hewa ya ukaa, na kwa nguvu ya jua huigeuza hewa hiyo kuwa chakula chake. Lakini ndani ya jani ni majimaji, na nje ni kukavu. Vitundu vikifunguka kupokea hewa, maji hutoka. Mlango unaoingiza chakula ndio huo huo unaotoa maji. Mmea ukiufunga ili kuhifadhi maji, unakufa njaa. Ukiuacha wazi mchana kutwa, unaweza kukauka. Ufanisi wa kutumia maji maana yake ni uzito wa mmea, au wa mavuno, unaopatikana kwa kila lita ya maji iliyotumika.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alichapisha majaribio yake ya kupanda mnanaa ndani ya vyombo vya maji. Alipima maji yaliyotoweka na uzito ulioongezeka, akaona kwamba sehemu kubwa mno ya maji hupita tu katika mmea na kuishia hewani. Katika miaka ya 1910 Wamarekani wawili, Lyman Briggs na Homer Shantz, walipima mimea mingi huko Akron, katika jimbo la Colorado. Waliona kwamba ili kujenga kilo 1 ya mmea mkavu, mtama ulitumia karibu kilo 320 za maji, mahindi karibu 370, mpunga karibu 700, na majani ya mifugo yaitwayo alfalfa zaidi ya 800. Tofauti hiyo haikuwa ya bahati. Mahindi, mtama, uwele na miwa yana namna ya kuikusanya hewa ya ukaa ndani ya jani hata vitundu vikiwa vimefunguka kidogo tu. Mpunga, maharage, mbaazi, karanga na mkorosho havina uwezo huo.

Hesabu hizo za zamani zinaweza kumsaidia mtu yeyote mwenye jembe. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya ekari 1 huleta zaidi ya lita 4,000 za maji. Msimu wa milimita 900, kwa mfano, huleta zaidi ya lita 3,600,000 katika ekari hiyo. Mkulima akivuna magunia 6 ya mahindi ya kilo 100, na punje zikiwa karibu sehemu mbili katika tano za uzito wa mmea mzima, basi mmea wote mkavu utakuwa na kilo 1,500. Kwa kipimo cha Briggs na Shantz mahindi hayo yametumia lita 555,000. Huko Colorado hewa ni kavu kuliko hewa ya msimu wa mvua wa kusini mwa Tanzania, kwa hiyo kiasi halisi huenda kikawa kidogo zaidi. Hata hivyo iliyotumika ni chini ya sehemu moja ya sita ya mvua iliyonyesha. Nyingine ilitiririka, ilizama chini kupita mizizi, ilivukizwa na jua kutoka katika udongo mtupu, au ilinywewa na magugu.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Mtafiti aliyejifungia katika chumba cha vioo na mimea yake ndani ya vyungu anaweza kushughulikia hiyo sehemu moja ya sita maisha yake yote, akapata shahada yake kwa haki, na asiiguse sehemu nyingine tano. Chungu chake hakina mtiririko. Hakina magugu. Kimefunikwa karatasi ya plastiki ili maji yasivukizwe. Kila kitu kinachomtesa mkulima wa Namasakata kimeondolewa kwanza ili kipimo kiwe safi.

Si kwamba utafiti wa maabara hauna faida. Mwaka 1982 Graham Farquhar wa Australia na wenzake walieleza kwa hesabu jambo ambalo lingeweza kuonekana la kinadharia tupu. Hewa ya ukaa ina kaboni ya aina mbili, nyepesi na nzito kidogo, na mmea hupendelea ile nyepesi. Vitundu vya jani vikiwa vimebanwa, mmea hulazimika kuipokea pia ile nzito. Kwa hiyo jani kavu, au hata punje, hubaki na kumbukumbu ya jinsi mmea ulivyotumia maji kwa msimu mzima, na kumbukumbu hiyo husomwa kwa mashine. Miaka miwili baadaye Farquhar na mwenzake Richard Richards walionyesha kwamba njia hiyo inafaa kuchagulia mbegu za ngano, na mwaka 1986 ikaonyeshwa hivyo kwa karanga. Mwaka 2002 ikatoka Australia mbegu ya ngano iitwayo Drysdale, iliyochaguliwa kwa njia hiyo. Ni miaka 20 tangu hesabu ya karatasini hadi gunia la mbegu. Nchi ambayo haina subira ya miaka 20 haitavuna chochote katika sayansi.

Lakini Waaustralia wenyewe walikuwa wa kwanza kutahadharisha kwamba mbegu ya namna hiyo haifai kila mahali. Hufaa zaidi pale ambapo zao huishi kwa maji yaliyokwisha kuhifadhiwa ardhini, yaani pale ambapo ubahili una maana. Mmea unaobana vitundu vyake hukua polepole. Mahali ambapo mvua inaendelea kunyesha, mmea wa polepole huacha udongo wazi, na maji uliyoyaacha huchukuliwa na jua na magugu. Mwenzao John Passioura alikwisha kueleza mwaka 1977 kwamba mavuno ya nchi kavu ni zao la mambo matatu yanayozidishana: maji yanayopita ndani ya mmea, uzito unaojengwa kwa maji hayo, na sehemu ya uzito huo inayokuwa punje. Mwaka 2009 mtaalamu wa Israeli, Abraham Blum, alikwenda mbali zaidi akaandika kwamba lengo la wazalishaji mbegu wa nchi za ukame lisiwe ufanisi wa maji, bali liwe uwezo wa mmea wa kuyafikia na kuyatumia maji yaliyopo. Wakubwa wa elimu hii, basi, bado wanabishana. Kijana wa Kitanzania anayeingia katika mjadala huo hana sababu ya kuingia kama mwanafunzi wa kuitikia tu. Anaweza kuingia na ushahidi wa shamba lake. Tena njia ya kaboni, ambayo ni ya thamani kwa mbaazi na karanga, haina nguvu kama hiyo kwa mahindi, kwa sababu ya namna jani la mahindi lilivyoumbwa. Kuichukua jinsi ilivyo na kuileta katika nchi inayokula ugali ni kuazima kanzu bila kujipima.

Nchi hii ina sababu ya pekee ya kuogopa mipango isiyouliza mvua na udongo. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilituma ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield kuja kutazama kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine. Walikaa wiki chache tu, na sehemu kubwa waliiona kutoka katika ndege. Mwaka 1947 ukaanza mradi uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa yake huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa udongo ulipokauka uligeuka kuwa mgumu kama sakafu, karanga zikakwama ardhini, na mvua haikuja kwa ratiba ya ofisini. Januari 1951 mradi ulifutwa, baada ya kumeza karibu pauni milioni 36. Nachingwea iko upande huo huo wa kusini. Reli iliyojengwa kwenda huko iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Fedha hazikukosekana. Matrekta hayakukosekana. Kilichokosekana ni mtu aliyekaa misimu kadhaa mahali pale akapima maji yanaingia wapi na yanatoka wapi, na akasikilizwa.

Kinyume chake kipo ndani ya Mkoa wa Ruvuma wenyewe. Wamatengo wa Mbinga, kwenye miteremko mikali, wamelima kwa vizazi kwa njia ya ngoro. Shamba likishapumzishwa, nyasi hukatwa na kupangwa kwa mistari inayokatana mfano wa miraba. Udongo wa katikati huchimbwa na kufunikwa juu ya nyasi hizo. Kila mraba hubaki na shimo katikati na tuta pande nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Mvua kubwa ikija, shimo huipokea. Udongo hauteremki mtoni, na nyasi zilizooza chini ya tuta hulisha mizizi. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro na Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa msaada wa Japani, vilipeleka watafiti Umatengo kujifunza jambo hilo. Watafiti hao hawakwenda na jibu mfukoni. Walikuta wakulima wakiwa na teknolojia ya maji isiyoandikwa katika kitabu chochote cha Ulaya, wakaipima, wakaiandika. Tunduru si Mbinga, na hapana maana ngoro zihamishiwe Namasakata kwa amri. Kinachopaswa kuhamishwa ni ule utaratibu wa mtafiti kuanza kwa kutazama.

Mtafiti akianza kwa kutazama Namasakata, jicho lake haliwezi kuukwepa mkorosho. Mti huo una tabia ya ajabu kwa mtu anayechunguza maji. Huchanua wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, na korosho huokotwa kuanzia Septemba au Oktoba. Maana yake ni kwamba kazi yote kubwa, ya kutoa machipukizi, kufungua maua na kujaza korosho, hufanyika wakati mvua imekwisha koma. Maji hayo yanatoka tabaka gani la udongo? Mahindi yaliyopandwa chini ya mikorosho wakati wa mvua yanayala maji hayo mapema, au yanakula tu yale ya juu ambayo yangepotea bure? Mbaazi, ambayo nayo hubaki shambani hadi katikati ya kiangazi, ni jirani mwema au mwizi? Mikorosho ya zamani iliyosongamana, ambayo wataalamu hushauri ipunguzwe hadi kufikia nafasi ya mita 12 kwa mita 12, inaongeza mavuno kwa sababu ya mwanga tu, au na kwa sababu kila mti umepata maji zaidi? Na magugu yanayoachwa hadi Mei humgharimu mwenye shamba korosho ngapi mwezi wa Oktoba? Haya ni maswali ya uzamivu kamili. Yanahitaji vyombo vya kupima unyevu wa udongo kwa kina cha mita kadhaa, yanahitaji ile elimu ya kaboni nzito na nyepesi, na yanahitaji hesabu ngumu. Lakini mwenye swali ni mkulima, na jibu likipatikana ataweza kulitumia kwa jembe na panga alivyo navyo.

Faida ya utafiti uliokaa karibu na zao imekwisha kuonekana katika korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya zaidi ya tani 140,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: bei ndogo, wakulima kuhamishwa mbali na miti yao, na ugonjwa wa ubwiriunga ulioshambulia maua. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, kwa fedha za Serikali na za wafadhili, waliushughulikia ugonjwa huo, wakaonyesha matumizi ya salfa na kuzalisha miche ya aina bora. Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000. Haiwezi kusemwa kwamba utafiti peke yake ndio uliofanya hivyo, kwani bei na stakabadhi ghalani navyo vilivuta. Lakini bila dawa ya ubwiriunga bei nzuri ingewakuta wakulima na maua meusi.

Sasa fedha. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya nafasi za uzamivu zenye ufadhili hutokana na fedha za nje. Sweden ilianza kusaidia utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1977. Norway imesaidia Sokoine kwa muda mrefu. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ilipata kituo chake cha masuala ya maji chini ya mpango wa Benki ya Dunia. Haifai kuzibeza fedha hizo. Ziko zilizoelekezwa vizuri sana: kati ya 1992 na 1996 Jumuiya ya Ulaya ililipia utafiti wa njugu mawe ulioviunganisha Chuo Kikuu cha Nottingham na wataalamu wa Tanzania, Botswana na Sierra Leone. Njugu mawe ni zao la akina mama, ambalo hakuna kampuni ya mbegu iliyolijali, nalo huvumilia ukame kuliko karanga. Ule ulikuwa ufadhili wa nje uliouliza swali la ndani.

Lakini mwenye kulipa mpiga ngoma ndiye mara nyingi huchagua ngoma. Mradi wa mahindi yanayotumia maji kwa ufanisi, ulioanza 2008 katika nchi kadhaa za Afrika zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, ulikuwa na mikono miwili. Mmoja ulitoa mahindi chotara ya kawaida. Wa pili ulitaka kuingiza jeni kutoka nje ya mahindi, na majaribio yake yalipandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, kisha mwaka 2018 Serikali ikayasimamisha. Mtu anaweza kuunga mkono au kupinga uamuzi ule. Lisilopingika ni kwamba mabishano yote yalikuwa juu ya jeni ya nani na mbegu ya nani, na ile hesabu ya sehemu tano za mvua zinazopotea nje ya mmea haikupata nafasi mezani.

Dawa yake si kuwafukuza wafadhili. Ni nchi kuwa na fedha yake, hata kama ni kidogo, ya kuulizia maswali yake. Na fedha hiyo si ya kuombwa mbali. Hadi 2018 asilimia 65 ya ushuru unaotozwa korosho ghafi zinazouzwa nje ilikuwa ikielekezwa katika kuliendeleza zao lenyewe, utafiti ukiwamo. Mwaka ule Bunge lilibadili sheria na ushuru wote ukaingia Mfuko Mkuu wa Hazina, baada ya mjadala mkali ambao wabunge wa kusini hawajausahau. Miaka iliyofuata sehemu yake ilirejeshwa kwenye kilimo. Kwa kiwango kilichokuwapo wakati huo, cha asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kipi kilicho kikubwa, tani 1,000 tu za korosho zilileta ushuru usiopungua dola 160,000. Kiasi hicho kinatosha kumsomesha mtafiti mmoja wa uzamivu katika chuo cha ndani kwa miaka yake yote, kumnunulia vyombo, na kubaki na cha kumlipia mafuta ya pikipiki. Mkulima wa Tunduru amekwisha kuchangia ushuru huo kwa miaka mingi. Hatakuwa amepewa hisani yoyote mtafiti akija shambani kwake.

Wako watakaosema kwamba vijijini kuna haja za haraka zaidi: zahanati, madarasa, barabara. Hoja hiyo haina budi kuheshimiwa, kwa sababu inatoka kwa watu wanaoona shida kwa macho. Lakini zahanati ya kijiji chenye njaa hujaa watoto wenye utapiamlo, na barabara nzuri ya kupitishia malori ya mahindi ya msaada si jambo la kujivunia. Wako pia watakaosema kwamba wakulima wenyewe wanajua, hawahitaji daktari wa mimea. Wanajua mengi, kama Wamatengo walivyothibitisha; lakini hakuna mkulima awezaye kuona kwa macho mizizi ya mkorosho inakunywa wapi katika kina cha mita nne mwezi wa Agosti.

Mwalimu Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Asiporudi ni msaliti. Mfano huo unamhusu mtafiti wa uzamivu kuliko msomi mwingine yeyote. Lakini kurudi kwenyewe kuna namna zake. Tasnifu ya kurasa 200 kwa Kiingereza, iliyowekwa katika rafu ya maktaba ya chuo, haijarudi. Ni wajibu wa kila mfadhili na kila chuo kuweka sharti kwamba matokeo yaandikwe pia kwa Kiswahili chepesi, yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji kilichotoa mashamba, na nakala ibaki kwa bwana shamba wa kata. Lugha haina kisingizio. Yote yaliyoelezwa hapo juu kuhusu stomata na kaboni yameelezeka.

Limebaki jambo la muda, ambalo wapangaji wa ufadhili hulisahau mara nyingi. Ufadhili wa miaka mitatu umepimwa kwa nchi ambazo maabara huwaka taa mwaka mzima. Namasakata haina mvua mwaka mzima. Mwanafunzi akianza Oktoba, akitumia miezi ya mwanzo kusoma na kuandika pendekezo, mvua ya kwanza inampita. Inabaki ya pili na ya tatu, na ya tatu huja akiwa anatakiwa kuandika. Kwa mahindi hizo ni misimu miwili tu, na mmoja ukiwa wa ukame na mwingine wa mafuriko hawezi kulinganisha lolote. Kwa mkorosho, ambao maua yake ya mwaka huu yanategemea maji ya mvua ya mwaka huu na pengine hata hali ya mti mwaka uliopita, ni kichekesho. Tume ya Sayansi na Teknolojia, vyuo na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo vinaweza kukubaliana kwamba nafasi yoyote ya uzamivu inayohusu maji ya mimea katika mikoa ya msimu mmoja ifadhiliwe kwa miaka isiyopungua minne, pendekezo liwe limepitishwa kabla ya Septemba, na vyombo vya kupimia unyevu viwe vimefukiwa ardhini kabla ya mvua ya kwanza ya Novemba. Vyombo hivyo vikiwa bado vimezuiliwa bandarini Dar es Salaam wakati mkulima anapanda, msimu huo umekwenda, na ufadhili wa mwaka huo nao umekwenda.